Kijitabu cha Mtakatifu Gallus: kinunue, ila sahihisha ukurasa wa 31

Kurasa 48, shilingi 4,000, kwenye meza ya vitabu vya dini hapa Mtwara mjini. Kinahusu Gallus, mtawa anayesimuliwa kuwa alitoka Ireland pamoja na mkubwa wake, mtawa Columbanus, mwishoni mwa karne ya 6, akaishia mkaapweke ng'ambo, karibu na Ziwa Konstanz, upande wa Uswisi ya leo.

Pesa yako inarudi kwenye sura ya kutengana kwao. Mwaka 612 Columbanus anataka kuvuka Alpi kwenda Italia. Gallus kalala na homa, anaomba abaki. Mkubwa wake anaona anategea kazi, anamwacha kwa sharti zito: asiadhimishe Misa maadamu yeye Columbanus yu hai. Gallus anatii. Mwaka 615 Columbanus anafariki Bobbio huko Italia, na fimbo yake inapelekwa kwa Gallus iwe alama ya msamaha. Mwandishi hakukimbilia mbele hapa, na Kiswahili chake kinapendeza kusomwa kwa sauti. Dubu aliyeagizwa kuni akalipwa mkate naye yumo, tena kaelezwa ni mnyama wa namna gani. Mtoto wa Mikindani ataelewa.

Ukurasa wa 31 ndio unaoharibu. Unasema Gallus alijenga monasteri ya Kibenedikto, yaani ya watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sivyo. Alijenga kibanda na kikanisa kando ya mto Steinach, akakaa na wafuasi wachache. Monasteri ya hapo ilianzishwa na padri Otmar mwaka 719, miaka mingi baada ya Gallus kufa, na kanuni ya Benedikto ikaingia mwaka 747. Kosa hili lina uzito huku kwetu: Wabenedikto tunawajua kwa abasia yao ya Ndanda, walipo tangu 1906, kwa hiyo msomaji atamvika Gallus maisha ya jumuiya kubwa yenye abati, mkuu wa monasteri. Wakati mwenyewe, kwa mujibu wa wasifu wake, alikataa uaskofu wa Konstanz na hata uabati wa Luxeuil, monasteri ya Columbanus huko Ufaransa ya leo! Hilo la Luxeuil kijitabu kimeliruka kabisa.

Ubora wa kitabu wenyewe ni hafifu. Kimebanwa kwa pini mbili za stepla, na kwa hewa yetu ya chumvi pini huota kutu, doa linakula karatasi, kurasa za katikati zinachomoka. Zitoe mapema, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa uzi uliopakwa nta, fundo libaki ndani. Unaponunua, chomoa nakala ya katikati ya rundo. Za juu zimepauka kwa jua.