Rosamund Pike na Pride and Prejudice: mapenzi yasiyofichuliwa mapema

Hadithi ya mahasimu wanaoishia kupendana huharibika kwa urahisi zaidi masikioni kuliko kwenye karatasi. Msimulizi anayejua mwisho wa kisa hushindwa kujizuia, akampa bwana mwenye majivuno sauti nzito ya kubembeleza tangu sura za mwanzo, na msikilizaji akawa ameshaambiwa jambo ambalo mhusika mwenyewe atalijua saa kadhaa baadaye. Nimesikiliza mara mbili kitabu cha sauti cha Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, kilichosomwa na mwigizaji Rosamund Pike na kutolewa na Audible mwaka 2015, na kilichonivutia zaidi ya yote ni kwamba hana haraka ya kuwapatanisha Elizabeth Bennet na Bwana Darcy.

Pike alikwisha kuijua hadithi hii kwa njia nyingine, kwani katika filamu ya mwaka 2005 aliigiza Jane, yule dada mkubwa asiyemdhania mtu mabaya. Hapa anabeba upande wa pili, wa dada anayehukumu upesi na kufurahia hukumu yake. Sauti yake kwa Elizabeth ni nyepesi na yenye makali kidogo, na kwa Darcy ni ya chini, iliyobanwa, ya mtu asiyezoea kujieleza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Darcy unakuja katika sura ya 34 kati ya sura 61, anapomposa Elizabeth huko Hunsford, Kent.

Sura hiyo ndiyo kipimo cha msimulizi yeyote. Austen anampa Darcy sentensi chache tu za kukiri mapenzi kwa kinywa chake, kisha maneno yake mengine, yale ya kudharau ukoo na hali ya Elizabeth, yanasimuliwa kwa muhtasari. Anayesoma kwa macho hulipita jambo hilo bila kulitambua, lakini anayesoma kwa sauti lazima aamue: je, muhtasari huo ni sauti ya Darcy, ya mwandishi, au ni jinsi unavyomchoma Elizabeth aliyeketi akisikiliza? Nilivyosikia mimi, Pike anauacha uelee katikati, na hasira ya Elizabeth inapopanda tunakuwa tumeshapanda nayo.

Barua inayofuata, ambayo Darcy anamwandikia Elizabeth baada ya kukataliwa, ndiyo iliyonifanya nirudie kitabu kizima. Inachukua karibu sura yote ya 35, na kwenye karatasi jicho linaweza kuruka aya ndefu na kukimbilia habari za Wickham, ofisa kijana aliyemchafua Darcy mbele ya Elizabeth. Kwenye sauti huwezi kukimbia. Unalazimika kumsikiliza Darcy mpaka mwisho bila mtu wa kumkatiza, jambo ambalo hata Elizabeth hajawahi kumruhusu. Kisha sura ya 36 inamwonyesha Elizabeth akiisoma kwanza kwa chuki, bila kuamini neno, halafu akiirudia polepole, sentensi baada ya sentensi, huku akikumbuka kwamba Wickham alimsimulia mambo ya siri siku walipoanza kufahamiana tu, na yeye hakuona ubaya wowote. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza kuwezekana, na yanaanza kwa aibu, si kwa tabasamu. Msimulizi aliyekwisha kumlainisha Darcy saa nyingi kabla angekuwa ameiharibu sura hii.

Wahusika wa kuchekesha wanamjia kwa wepesi: kasisi Bwana Collins na unyenyekevu wake wa kujikweza, Lady Catherine, shangazi wa Darcy, na amri zake. Kwa masikio yangu, Bi. Bennet, mama yake Elizabeth, anachosha baada ya muda, hasa anayesikiliza kwa spika za masikioni, ingawa nakubali kwamba Austen alimwandika achoshe.

Kitabu kinazidi saa 11, na Kiingereza chake ni cha mwaka 1813, chenye sentensi zinazozunguka kabla ya kutua. Asiyekizoea asione tabu kupunguza kasi kidogo, au kufuatilia kwa macho nakala inayopatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Kuongeza kasi ndiko ninakokukataza kabisa, kwa sababu vituo vya msimulizi ndivyo vinavyobeba yale ambayo wahusika hawasemi.

Kituo kimoja hasa nakingoja kila mara. Katika sura ya 58 Darcy anamwambia Elizabeth kwamba, kama moyo wake bado uko vilevile ulivyokuwa mwezi Aprili alipomkataa, amwambie mara moja, naye atanyamaza milele kuhusu jambo hilo. Austen hatupi jibu la Elizabeth kwa maneno yake mwenyewe. Anasema tu kwamba alizungumza mara moja, ingawa kwa kusitasita, na kumfahamisha kuwa hisia zake zilikuwa zimebadilika kabisa. Pike anaisoma sentensi hiyo ndefu kwa utulivu, bila kuipamba.