Uzoefu wangu na klabu ya wapiga picha wa ridhaa: nenda jioni ya picha za karatasi

Kujua vitufe vya kamera hakuhitaji klabu. Kijitabu kinachokuja na kamera kinatosha, na video za kufundisha zimejaa mtandaoni bure. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona wengi wakijiunga na klabu yetu ya wapiga picha wa ridhaa wakitegemea darasa, na baada ya mikutano michache hawaonekani tena. Hakuna mwalimu, hakuna mtaala, hakuna cheti. Kuna watu wanaopenda picha kupita kiasi, ratiba ya mikutano ya jioni, projekta inayojiamulia rangi zake yenyewe, na meza moja ndefu. Kwangu mimi meza hiyo ndiyo klabu. Yaliyobaki ni nyongeza, mengine mazuri, mengine ya kuvumilia tu.

Ratiba inazunguka. Kuna jioni ya mgeni anayekuja kuonyesha kazi zake, jioni ya mashindano, jioni ya mazoezi ya mwanga, na jioni ya picha za karatasi. Hii ya mwisho siikosi. Kila mtu huleta picha mbili tatu alizochapa, zinapangwa mezani chini ya taa nyeupe, na sharti ni moja: mwenye picha anakaa kimya mpaka wenzake wamalize. Mwanzoni sharti hilo lilinikera. Baadaye nikaona maana yake. Mtu akishaanza kusimulia jinsi alivyoamka alfajiri na kungoja jua lichomoze, wote mnaanza kuisifia safari yake, na picha inaponea hapo. Mtazamaji wa kawaida hapewi hadithi hiyo. Anapewa karatasi tu.

Anayeongoza meza ni mzee mmoja aliyeanza enzi za filamu. Hasemi picha nzuri wala mbaya. Anauliza, "Jicho lako limekwenda wapi kwanza?" na anaizunguka meza nzima kwa swali hilohilo. Mkononi ana vipande viwili vya kadibodi nyeusi vilivyokatwa kwa umbo la herufi L. Ukivipandanisha unapata dirisha unaloweza kulipanua au kulibana utakavyo, na hapo unajaribu kuikata picha upya bila kugusa mkasi wala kompyuta. Kuna jioni dada mmoja alileta picha ya fundi baiskeli: fundi amechuchumaa, gurudumu limeinuliwa, nyuma yake ukuta, na pembeni kushoto ndoo nyeupe. Kila aliyeulizwa, kwa aibu kidogo, akataja ndoo. Ndivyo jicho lilivyo, hukimbilia palipong'aa zaidi hata kama hapana maana yoyote. Mzee akasogeza kadibodi, ndoo ikatoka. Akasogeza tena, uso wa fundi nao ukatoka, ikabaki mikono, mnyororo na grisi iliyoingia kwenye kucha. "Je, sasa?"

Wengi tuliipenda. Dada akaomba ruhusa ya kusema, akakataa katakata. "Mzee wangu, ukiondoa uso umeniachia spea tu. Mimi nilimpiga mtu." Wakabishana kwa heshima zao zote, kadibodi zikienda mbele na nyuma, mpaka wakakubaliana ndoo itoke, uso ubaki, na ukuta wa juu upunguzwe. Mjadala ule ulinifundisha kukata picha kuliko video yoyote niliyowahi kutazama, kwa sababu nililiona kila pendekezo likijaribiwa papo hapo, na nikasikia sababu za kulikataa.

Faida nyingine ya karatasi ni kwamba haibembelezi. Kioo cha simu au kompyuta kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasi inarudisha tu mwanga unaoiangukia. Ndiyo maana mtu anayehariri huku mwangaza wa skrini umepandishwa hadi mwisho hushangaa picha ikichapwa inatoka na vivuli vyeusi tii. Wenzangu walinielekeza nipunguze mwangaza wa skrini na nitazame histogramu, ule mchoro unaoonyesha weusi kushoto na weupe kulia, badala ya kuyaamini macho yangu peke yake. Wenye simu nao waache woga. Picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000, ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya kama sentimita 34 kwa 25, kubwa kuliko A4. Mezani kwetu picha za simu zinachanganywa na za kamera kubwa, na zikiwa za mchana ni vigumu kuotea ipi ni ipi. Za usiku hujisema zenyewe.

Jioni ya mwanga ndiyo ya pili kwa thamani. Vifaa ni taa moja, kiti, mtu wa kujitolea kukaa, na ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Taa iliwekwa mita 1 kutoka usoni, kisha ikasogezwa hadi mita 2. Mwanga haukupungua nusu, ulibaki robo. Kwenye kamera hizo ni hatua mbili nzima, kila moja ikipunguza mwanga kwa nusu: uliyekuwa unapiga kwa f/8, namba ya tundu la lenzi, unafungua lenzi hadi f/4, au unashusha kasi ya shata kutoka 1/125 hadi 1/30 ya sekunde, au unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 100 hadi 400. Kanuni hiyo nilikuwa nimeisoma, lakini kuisoma si sawa na kumwona mtu akizama gizani kwa kusogezewa taa mita moja nyuma. Kisha taa ikapandishwa juu kidogo ya kichwa na kupelekwa pembeni, kama nyuzi 45, hadi pembetatu ndogo ya mwanga ikatokea kwenye shavu lililo upande wa kivuli. Mwanga huo unaitwa wa Rembrandt, kwa jina la yule mchoraji wa Uholanzi, na tangu siku ile nauona kila mahali.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa ngozi nyeusi, na kwa maoni yangu klabu yoyote isiyokuwa na mjadala huo ina kasoro. Kamera iliyoachiwa ipime mwanga yenyewe hudhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni cha kijivu. Ukijaza fremu yote kwa uso mweusi, inaongeza mwanga na uso unapauka. Mweke mtu huyohuyo mbele ya ukuta mweupe, inaminya mwanga na uso unageuka kivuli chenye meno. Kamera haina kosa, inafanya ilichoundwa kufanya. Tulijaribu njia mbili: kupima mwanga usoni peke yake kisha kusahihisha kwa mkono, na kuileta taa pembeni ili ngozi ing'ae kwenye mfupa wa shavu na paji la uso. Njia ya pili iliwashinda hata waliokuwa wamekuja na vifaa vya gharama, maana haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya taa ileile.

Matembezi ya pamoja, ambayo ndiyo yanayotangazwa zaidi, nayaweka chini. Kundi kubwa likifika mahali pazuri, wote wanasimamisha tripodi mstari mmoja, wote wanaelekeza lenzi upande mmoja, na jioni kikundi cha WhatsApp kinajaa picha ileile yenye mawingu tofauti kidogo. Pia kundi la watu wenye kamera hubadilisha mahali: wapita njia wanakaza nyuso, wengine wanakasirika, na wana haki. Klabu yetu ina kanuni ya kuomba ruhusa kwanza kabla ya kumpiga mtu anayetambulika, na kutopiga watoto bila mzazi kukubali, lakini anayeisimamia kanuni hiyo njiani ni yule anayeijali, basi.

Kulikuwa na tembezi moja tu lililonibadilisha, na lilikuwa na masharti. Lenzi moja isiyovuta, hakuna kutazama kioo cha nyuma ya kamera, na fremu 36 pekee, idadi ya mkanda wa filamu wa kawaida wa milimita 35. Ukifikisha 36 unaizima kamera, unabaki kutazama wenzako wakipiga. Watu wazima walikuwa wakihesabu kwa vidole. Ukimya ulikuwa mwingi, hatua zikawa polepole, na picha zilizofika mezani baadaye zilikuwa za watu tofauti kwelikweli. Nimependekeza tembezi la namna hiyo lirudiwe. Naambiwa litarudiwa.

Sasa mashindano. Kwetu kuna makundi ya mada huru, nyeusi na nyeupe, na viumbe na mazingira. Jaji anatoka klabu nyingine, picha zinaonyeshwa bila majina, naye anatoa alama kati ya 20. Likifanywa vizuri ni zoezi zuri, kwa sababu mgeni hajui kwamba wewe ndiye katibu au kwamba ulilia ulipokosa mwaka jana. Tatizo ni majaji wanaotembea na orodha kichwani: mhusika asikae katikati, pembe ya juu isiwe na weupe, macho lazima yatazame ndani ya fremu. Ile kanuni ya theluthi, ya kuigawa fremu kwa mistari miwili wima na miwili ya kulala na kumweka mhusika inapokutana, ni msaada mzuri kwa anayeanza. Ikigeuzwa kuwa sheria, wanachama wanaanza kupiga picha za kumridhisha jaji, na jioni nzima inakuwa na ladha moja.

Kundi la viumbe ndilo lenye ugomvi mtamu. Ufafanuzi unaotumiwa na FIAP (shirikisho la kimataifa la upigaji picha), PSA (jumuiya ya upigaji picha ya Marekani) na Royal Photographic Society ya Uingereza unakataza kuongeza, kuhamisha, kubadilisha au kuondoa kitu chochote katika picha, isipokuwa kwa kukata kingo. Mwenzetu mmoja alifuta kijiti kilichopita mbele ya kifua cha ndege, akaondolewa. Alinung'unika sana, eti kijiti si sehemu ya ndege. Mimi niko upande wa sheria: picha ya aina hiyo inadai kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kijiti kilikuwapo. Akitaka kukifuta, mada huru iko wazi, aipeleke huko, hakuna atakayemuuliza.

Wapo pia wanaokimbiza herufi za kuweka baada ya jina. FIAP, iliyoanzishwa mwaka 1950, hutoa heshima kama AFIAP na EFIAP kwa wanaokusanya picha zilizokubaliwa kwenye maonyesho ya kimataifa. Sina ubaya nao. Wanafanya kazi kwa nidhamu na wengi wao ndio wenye mkono mzuri wa kuchapa. Ila ukikaa karibu nao jioni nzima utajua zaidi tarehe za mwisho za kutuma kuliko habari za picha zenyewe. Jamii hizi zina umri, tukumbuke. Hiyo Royal Photographic Society ilianzia London mwaka 1853, miaka 14 tu baada ya njia ya kupiga picha ya Mfaransa Daguerre kutangazwa kwao, kwa hiyo mabishano yetu ya vyeo na alama hayakuanza nasi.

La kuvumilia zaidi ni mazungumzo ya vifaa. Kabla ya mkutano kuanza, na wakati mwingine ukiwa katikati, kuna kona inayojadili lenzi ipi ni kali pembeni mwa fremu na kampuni ipi imetoa nini. Anayeanza akiikalia kona hiyo mapema ataondoka akiamini kwamba kinachomkwamisha ni pesa. Uongozi ungeweza kulizuia hili kwa kumkabidhi kila mgeni kwa mwanachama mmoja, na kwetu hilo halifanyiki. Mgeni anaachwa apige mbizi mwenyewe. Kwa hilo napunguza nyota moja. Klabu yangu naipa nne kati ya tano.

Klabu nyingi humruhusu mgeni kuhudhuria mara moja au mbili kabla ya kulipa ada. Ukipata nafasi hiyo usiende siku ya mashindano wala siku ya matembezi, maana siku hizo kila mtu ana shughuli yake. Nenda jioni wanapojadili picha, ukae nyuma, ungoje iletwe picha dhaifu. Wakiisifu kwa adabu na kupita, au wakicheka, umeokoa ada yako. Wakimuuliza mwenyewe alitaka nini na kuanza kuisogezasogeza, chukua fomu.