Miezi 16 na baiskeli ya mtumba: Kimara hadi Posta

Nilianza kuambiwa 350,000, nikaondoka mara mbili na mara zote mbili nikaitwa nirudi, mwisho nikalipa 280,000. Hapo ilikuwa Ilala, Dar es Salaam, kwenye mstari wa baiskeli za mtumba kutoka Japani. Fremu ni ya alumini, bluu iliyopauka, na chini ya kiti bado ina kistika cha rangi ya chungwa chenye maandishi ya Kijapani. Kile ni cha usajili wa kuzuia wizi ambao kule hufanywa baiskeli inaponunuliwa. Sijakibandua.

Kwa wasiozijua baiskeli za aina hii, zinazoitwa hybrid: usukani umenyooka kama wa baiskeli za milimani, haujajikunja kama pembe za kondoo, lakini magurudumu ni makubwa na membamba, yanakaribia yale ya mashindano. Unakaa ukiwa umeinama kidogo tu, unaona mbele, unaona na bodaboda anayekuchomekea. Yangu ina gia 24, sahani tatu mbele na nane nyuma, na breki za mipira inayobana rimu. Niliipima kwenye mzani wa kuning'iniza wa muuza vyuma chakavu pale mtaani: kilo 12 kasoro, pamoja na keria. Akaniuliza naiuza kilo shilingi ngapi.

Sababu ya kuinunua ilikuwa presha. Nilikuwa na kilo 94, miaka 43, na daktari alishaniambia nitembee. Nilitembea siku tatu. Kwa jinsi ninavyojifahamu, zoezi lisilonifikisha mahali sitalifanya, ndiyo nikaamua zoezi liwe safari ya kazini kwenyewe.

Naishi Kimara, ofisi iko Posta, kama kilomita 15. Jambo moja la bahati kwenye njia hii ni kwamba Kimara iko juu. Asubuhi nashuka hadi Ubungo bila kukanyaga pedali sana, kuanzia hapo ni tambarare, na nafika Posta kwa dakika 50 bila kulowa kupindukia. Jioni ndiyo deni linalipwa. Ukishavuka Ubungo unaanza kupanda: Kibo, Kona, Baruti, na pale sahani ndogo ya mbele ndiyo inayonifikisha nyumbani. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashuka na kuikokota. Siku moja kijana mwenye baiskeli ya Phoenix, keria imebeba madumu mawili ya mafuta ya kula, alinipita akiwa anapiga mluzi. Sijasahau.

Njia ya pembeni ya baiskeli na waenda kwa miguu kwenye Barabara ya Morogoro inasaidia, ila usiende ukidhani ni yako. Manzese kuanzia saa kumi jioni pale ni soko: viatu, mapapai, mtu kakaa kwenye ndoo anakunywa kahawa. Kengele haimshtui mtu. Nimejifunza kusema "jamani, samahani" mfululizo kuanzia Tip Top hadi Argentina. Jangwani mvua ikinyesha kweli siendi kabisa, na hata maji yakikauka mchanga unabaki siku kadhaa, na matairi membamba kwenye mchanga ni kama kisu kwenye siagi. Mita 600 za mwisho kutoka lami hadi kwangu ni mchanga vilevile. Naikokota, watoto wananisindikiza.

Sasa nije kwenye matairi, maana hili ndilo ningependa mtu angeniambia nikiwa pale Ilala bado sijatoa pesa.

Wiki ya tano tairi la nyuma lilipasuka ubavuni. Nikampelekea fundi wa mtaani, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini, akalipima kwa shubiri, akasema, "Hii ni ishirini na nane, kanunue Kariakoo." Nikaenda, nikaomba 28, nikapewa 28, limeandikwa kabisa 28 ubavuni. Mzee akalivisha. Likawa linacheza kwenye rimu kama suruali ya kaka mkubwa. Akalivua, akaligeuza, akalivisha tena.

"Kijana wangu, rimu yako imesinyaa."

"Fundi, alumini inasinyaa?"

"Ya Kijapani hiyo. Huwezi kujua."

Tulikaa pale kama saa nzima mpaka nikaona namba ndogo zilizochongwa kwenye tairi la zamani: 28-622. Kwenye jipya: 40-635. Kumbe kuna inchi ishirini na nane mbili. Namba ya kwanza, 28 au 40, ni unene wa tairi kwa milimita. Hiyo 622 au 635 ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokalia rimu. Phoenix na ndugu zake ni 635, hizi zetu ni 622, na milimita 13 zinatosha kabisa kuharibu siku. Ukienda dukani usiseme "ishirini na nane", sema 622 au 700C, na usilipe kabla hujaisoma hiyo namba kwa macho yako. Zile za milimani za 29 nazo ni 622, zinakaa vizuri kwenye rimu, ila ni nene mno na kwenye fremu yangu hazipiti. Hilo nalo nililijua baada ya kulinunua.

Hatimaye nilipata mawili ya unene wa milimita 32 kwa 90,000, na tangu hapo baiskeli imekuwa nyingine. Yale ya milimita 28 niliyokuja nayo yalihitaji upepo mwingi kwa uzito wangu, na mafundi wengi wanapima upepo kwa dole gumba. Ukiwa mdogo, unagonga kingo ya lami, tyubu inabanwa na rimu, unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama yameng'atwa na nyoka. Nilikuwa na pancha mbili kwa wiki. Kwa 32 napata moja kwa mwezi, mara nyingi ni msumari.

Halafu valvu. Yangu ni ile nyembamba ya Kifaransa yenye kakokwa kadogo unakolegeza kwanza, na pampu ya fundi haiishiki. Mzee alitaka kupanua tundu la rimu ili ipite tyubu ya kawaida, nikakataa. Kuna kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake, shilingi 2,000, baada ya hapo hata kituo cha mafuta unajaza upepo. Nina viwili: kimoja kwenye mfuko wa funguo, kingine mke wangu anajua kilipo.

Jasho. Kila mtu ananiuliza jasho. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla joto halijaamka, mashati matano nayapeleka ofisini Jumatatu, siku ambayo napanda gari, na kuna bafu la walinzi lenye bomba na ndoo. Bila lile bafu ningeacha mwezi wa kwanza, tena nasema kweli. Begi mgongoni ni kosa: linakupikia mgongo. Nilifunga keria, begi nalikaza kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Wenzangu kazini waliuliza kama nimeuza gari. Gari sijawahi kuwa nalo.

Kuna mambo mengine madogo. Kiti kilikuwa cha kufungua kwa mkono bila spana, na Magomeni mtu alikifungua kwa mkono bila spana. Nilipanda mlima wa Kimara nimesimama mwanzo mwisho. Sasa kimefungwa kwa nati. Usukani ulionyooka unakupa namna moja tu ya kushika, hivyo ukipita dakika 40 viganja vinaingia ganzi; nilifunga vipembe viwili pembeni kwa 8,000, nikapata pa kubadilishia mikono. Na haikuja na madigadi. Ukiendesha kwenye maji bila madigadi unapigwa mstari wa tope kuanzia kiunoni mpaka kisogoni, na hapo ndipo unakutana na bosi kwenye lifti.

Kwa hesabu, juu ya ile 280,000 nilitumia 213,000 nyingine kwa vitu vikubwa tu: matairi 90,000, helmeti 45,000, taa 25,000, keria 20,000, kufuli 18,000, madigadi 15,000. Jumla 493,000. Nilikuwa natumia 3,000 kwa siku kwenda na kurudi pamoja na bodaboda ya kumalizia, na naendesha siku nne kwa wiki, hivyo pesa yake ilirudi baada ya miezi kama kumi. Masika naendesha siku mbili, nikijikaza.

Uzito leo ni kilo 86. Mkanda umerudi nyuma matundu mawili. Presha daktari anasema imekaa vizuri zaidi, ila dawa niendelee nazo, na naendelea nazo.

Ningeinunua tena? Kwa bei hiyo, ndiyo, ila ningeanza kwa kusoma ubavu wa tairi, halafu ndiyo nijaribu breki. Gia ya mbele imekwama kwenye sahani ya kati tangu wiki iliyopita. Mzee wa mwarobaini anasema ni waya, mimi nadhani ni mchanga wa Jangwani. Jumamosi tutaifungua tuone.