UDOM au St. John's, uende wapi?

Vyuo vikuu hivi viwili, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na St. John's, vilianza 2007 na vyote vipo hapahapa Dodoma ila maisha yake mbingu na ardhi. UDOM ni ya serikali, ipo kule vilimani Chimwaga, kubwa mno, kutoka koleji moja kwenda nyingine unaweza ukapanda gari kabisa, na ule upepo wa Juni asubuhi usije bila sweta nakwambia. Kozi ni nyingi, kompyuta, ualimu, udaktari, na unakutana na watu wa kila mkoa. Ila chuo kikubwa kina mambo yake, usipojisogeza kwa mwalimu mwenyewe hata jina lako hatalijua, kwa hiyo wiki ya kwanza tu tafuta kundi la diskasheni, wale wa kusubiri UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ndo wanaopigwa disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli.

St. John's ya Waanglikana ipo pale ilipokuwa Mazengo sekondari, mjini si mbali, chipsi mayai unafuata kwa mguu. Ni ya binafsi so piga hesabu ya ada mapema, bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) peke yake usilitegemee. Mimi ningetaka uuguzi au famasi ningeanza kuangalia huku, kompyuta ningepanda kule UDOM mlimani na sweta langu.