Filamu za katikati ya miaka ya 80: kabla hujalipa, kagua pembe za picha

Mwezi uliopita nilinunua Amadeus, ile filamu ya mtunzi wa muziki Mozart na mpinzani wake Salieri, kwa mara ya pili. Kopi yangu ya kwanza ilikuwa ya kanda, ikaliwa na ukungu zamani tukikaa Tanga. Hii ya sasa ni diski, kasha zuri, limefungwa nailoni, shilingi 45,000 bila kupunguziwa hata mia. Nikapika mapema, watoto wakalala, nikakaa kuangalia. Tukafika pale Mozart yuko kitandani anakufa na Salieri anaandika misa ya wafu, noti kwa noti, kadiri anavyotajiwa. Mgonjwa anatunga, anayemwonea wivu anaandika huku akihema kumfuata. Kwangu mimi hapo ndipo penye filamu yote. Kwenye diski yangu alikuwapo mmoja tu. Mozart akisema, namwona Mozart na mto wake. Salieri akijibu, sauti inatoka nje ya kioo. Mara picha inavutwa kulia kwa hila, inamkuta Salieri, na Mozart ndiye anapotea.

Amadeus ilipigwa kwa picha pana, upana wake ni mara 2.39 ya kimo. Ukiikata iingie kwenye kioo cha TV za zamani, zile za 4 kwa 3, umetupa asilimia 44 ya picha. Kanga ikishakatwa pindo hakuna mama atakayekubali kuinunua kama kanga nzima. Filamu iliyokatwa pembeni inauzwa bei ileile, na hakuna anayelalamika.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitasema habari za ung'avu, sauti wala mikwaruzo. Hayo kila mtu anayaona mwenyewe dukani. Nasema pembe za picha tu, maana filamu za 1984 hadi 1986 zimeumizwa sana. Zilitoka wakati deki za video zinaingia majumbani, na viwandani kulikuwa na mtu kazi yake ni kuchagua upande upi wa picha uonekane na upi utupwe. Waongozaji wachache waligoma. Woody Allen alikataa kabisa Manhattan, filamu yake ya 1979, isitolewe kwenye kanda ikiwa imekatwa. Wengi hawakuwa na nguvu hiyo, na kopi zile zilizokatwa ndizo zinazozunguka mpaka leo, zimehamishiwa tu kwenye diski.

Wauzaji wetu nao wameongeza tatizo la pili. Nilipouliza, kijana wa kaunta alinijibu, "Dada, ile mikanda myeusi juu na chini wateja wanairudisha, wanasema diski mbovu." Kwa hiyo wanaikuza picha mpaka kioo kijae. Kwa filamu ya umbo la TV ya zamani, wanaivuta kwa upana theluthi moja zaidi, kila mtu anakuwa na mabega ya mbeba zege. Jamani, ile mikanda myeusi ndiyo dalili kwamba umepewa filamu nzima!

Geuza kasha usome nyuma. Ukiona maneno "Full Screen" kwenye filamu ya picha pana, au ilani kwamba filamu imebadilishwa ili itoshee kwenye TV yako, rudisha rafuni. Unataka "Widescreen" na namba kama 1.85:1 au 2.35:1. Kasha likiwa halina kitu, omba waiweke dakika mbili. Angalia majina ya mwanzo kama herufi zimekatwa kingoni, halafu subiri kitu cha duara kipite, gurudumu, sahani au saa ya ukutani. Kikiwa kama yai, picha imevutwa. Ila kwanza hakikisha rimoti ya pale dukani haijakuza picha yenyewe.

Sasa nipange, kuanzia ile ambayo ningeinunua hata kwa kudunduliza.

Ya kwanza ni Come and See ya Elem Klimov, 1985, toleo la Criterion. Ni filamu ya Kisovieti: mvulana Flyora anajiunga na wapiganaji wa msituni dhidi ya Wanazi huko Belarus mwaka 1943, na uso wake unazeeka mbele ya macho yako. Mwishoni tunaambiwa vijiji 628 vilichomwa pamoja na watu wake. Klimov hakutengeneza filamu nyingine baada ya hiyo. Hii haikuwa picha pana. Ina umbo karibu la mraba, 1.37, na nyuso zinakutazama moja kwa moja zikiwa zimejaa kimo chote. Anayeikuza ijaze TV ya kisasa anakata juu na chini, karibu robo ya picha. Nimeona kopi ambayo yule mtoto hana paji la uso, na paji lile lenye makunyanzi ndilo linaloeleza alichokiona.

Criterion naipenda na sifichi. Ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1984, na ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuza filamu majumbani kwa umbo lake kamili, mikanda myeusi na yote. Kijitabu cha ndani kinakuambia umbo la picha na ilikotolewa. Bei yao ya Blu-ray ni dola 39.95 kabla ya usafiri, na mpaka ikufikie mkononi umeumia. Angalia pia herufi ya eneo, maana mashine ya eneo moja kwa kawaida haichezi Blu-ray ya eneo jingine: diski zao za Marekani ni A, sisi Afrika ni B. Tangu 2016 wanatoa na za Uingereza, hizo ni B, mwagize ndugu aliyeko huko.

Ya pili Amadeus, licha ya yaliyonikuta. Tafuta ile ya dakika 160, iliyochukua Oscar 8. Toleo la 2002 lina dakika 180, na nyongeza ya Constanze kuvua nguo mbele ya Salieri inamfanya Salieri mtu mwovu wa kawaida. Alikuwa mkubwa zaidi ya hapo.

Ya tatu The Color Purple, habari ya Celie, mwanamke Mweusi wa Marekani anayeteswa na mumewe, Mister. Msomaji mmoja aliniuliza, "Kwani yule mume aliishia wapi?" Yupo! Mwishoni dada wawili wanacheza makofi yao ya utotoni, na Mister yuko kando na farasi wake, anawatazama, hakaribishwi. Kopi ya msomaji wangu ilimkata, na pamoja naye ikakata adhabu yake yote. Na bado nina uchungu: ilitajwa kwenye tuzo 11 za Oscar, na usiku wa 24 Machi 1986 ikatoka mikono mitupu.

Mshindi wa usiku ule alikuwa Out of Africa, tuzo 7. Naiweka ya nne. Milima ya Ngong inapendeza na muziki wa John Barry unabaki masikioni, lakini ni mapenzi ya walowezi, na wenyeji wanasimama nyuma au pembeni. Malick Bowens, yule wa Mali aliyeigiza Farah, mtumishi Msomali, anafanya kazi kubwa kwa kusimama tu na kutazama. Sasa fikiria kopi iliyokatwa pembeni. Waafrika wachache waliopewa nafasi ndani ya filamu iliyopigwa Kenya, hata hao wanaondolewa.

Ran ya Mjapani Kurosawa ingekuwa juu zaidi kama toleo la Criterion lingepatikana. Majeshi yanatandaa kutoka ukingo hadi ukingo, bendera za njano, nyekundu na buluu kwa wana watatu wa mtawala mzee. Ukikata, hujui nani anampiga nani. Criterion walikuwa nayo, haki zikahamia kampuni nyingine, StudioCanal, na kopi za zamani wanaolangua wanataja bei wanayojisikia.

Rambo ya pili, 1985, wengi tuliijulia kwenye mabanda ya video kwenye TV ya inchi 21. Mpigapicha wake alikuwa Jack Cardiff, mmoja wa mafundi wakubwa wa rangi katika sinema. Ukiipata kamili utashangaa msitu ulivyo mpana. Commando na The Karate Kid, chukua yoyote yenye umbo sahihi. Zile diski za filamu 20 kwa pamoja, acha.

Yangu niliirudisha. Nikamwonyesha kijana kile kitanda cha Mozart, nikamwuliza, anayeandika yuko wapi? Akatazama mara mbili, akaniita mwenye duka. Mwenye duka akasema pesa hairudi, ila wiki ijayo atanibadilishia. Sasa ni wiki ya tatu.