TAHADHARI: Tapeli wa "rimoti za helikopta zote" mitandaoni, Dar

Wakuu, kama wewe au mtoto wako ana helikopta ya rimoti na rimoti imegoma, someni hapa kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna jamaa anajitangaza mitandaoni kwamba yuko Kariakoo, anauza rimoti na "kuzifungua" zilizokufa. Ukimuuliza duka liko mtaa gani, anakwambia bodaboda atafika kwako. Jina simtaji, kwa sababu akaunti anabadilisha kila mara na majina anayoyatumia yanaweza kuwa ya watu wasiohusika. Naeleza mbinu zake, maana hizo habadilishi. Natengeneza vifaa hivi, na aliowaliza wanaishia mezani kwangu, wengine wakiwa wamemlipa zaidi ya bei ya helikopta yenyewe.

Mbinu anayoitegemea zaidi ni kufungua rimoti ambayo haijafungwa. Chukulia rimoti ya FlySky FS-i6, ambayo wanaoanza wengi wanayo kwa kuwa ni nafuu na ni nzuri. Ukiiwasha wakati swichi mojawapo iko chini, au kijiti cha kasi kimepanda, inalia, inaonyesha onyo kwenye skrini na haiendelei. Imetengenezwa hivyo makusudi. Ingekubali kuwaka katika hali hiyo, mota ingeweza kuanza kuzunguka helikopta ikiwa mikononi mwako. Sasa ukimtumia jamaa video ya onyo hilo, anakujibu kwamba "imelokiwa kiwandani" na programu ya kuifungua ni Sh 60,000. Rimoti ikimfikia, anapandisha swichi zote juu, anashusha kijiti cha kasi hadi mwisho, onyo linaondoka. Amemaliza kazi. Hilo unalifanya mwenyewe nyumbani bila kulipa.

FS-i6 hiyohiyo ina vitufe viwili vya kuwashia, na lazima uvibonyeze vyote kwa pamoja na kushikilia kidogo. Ukibonyeza kimoja, inakaa kimya kama imekufa. Wakati wa kuzima nayo hugoma ikiwa risiva ya kwenye helikopta (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) bado ina umeme, kwa hiyo chomoa kwanza betri ya helikopta. Nimeshika rimoti nzima kabisa ambazo wenyewe waliambiwa "bodi imeungua" kwa sababu ya haya mawili tu. Kama kweli haiwaki, fungua mlango wa betri. Ukikuta unga mweupe au kijani kwenye springi, betri zilivuja. Toa betri, pangusa springi kwa pamba yenye siki kidogo, acha ikauke vizuri, weka betri mpya nne. Hapo ndipo uanze kufikiria fundi.

Mbinu ya pili ni hiyo "rimoti ya helikopta zote, gigahezi 2.4, inafika kilomita moja", yaani anadai ni ya mawimbi ya redio. Kinachofika ni rimoti ya helikopta ndogo za ndani, zile za aina ya Syma S107G, zinazotumia miale ya infraredi kama rimoti ya televisheni. Nyingi zimewekewa antena ya bandia, plastiki tupu ya pambo, na antena hiyo ndiyo anayoipiga picha kwa karibu. Infraredi ni ya mita chache ndani ya nyumba, na ukienda nje kwenye jua inapotea kabisa. Haiwezi kuongea na risiva ya redio hata ufanye nini.

Kuitambua ni rahisi. Washa kamera ya mbele ya simu, elekeza kwanza rimoti ya televisheni na ubonyeze kitufe. Ukiona taa ya zambarau au nyeupe kwenye skrini, kamera yako inafaa kwa kipimo. Rudia kwa rimoti uliyoletewa huku ukisukuma vijiti. Ikimulika, hiyo ni infraredi, sanduku liandikwe lolote.

Na hata rimoti ya gigahezi 2.4 ya kweli haishiki kila helikopta. Kila kampuni ina lugha yake ya redio: FlySky wana AFHDS 2A, Spektrum wana DSMX, Futaba na FrSky nao wana zao. Zipo rimoti zinazojua lugha nyingi, lakini hizo zina menyu ambamo unachagua jina la lugha unayotaka. Kitu kisicho na skrini, chenye vijiti viwili na taa moja, hakiwezi kuwa hicho.

Ukilalamika kwamba haishiki, ndipo anapoingia na mbinu ya tatu: risiva yako ndiyo mbovu, mtumie helikopta aipime. Msitume. Mteja mmoja alikuwa amepiga picha bodi ya helikopta yake kabla ya kuipeleka. Iliporudi tulilinganisha, na kibandiko cha namba kwenye risiva kilikuwa kingine.

Hasira yangu haiko kwenye hela peke yake. Helikopta ya rimoti ya ukubwa unaoitwa daraja la 450 ina mapanga ya milimita 325 kila moja, na yanazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Yanakata nyama. Mtu anayekuuzia rimoti isiyoaminika kwa chombo kama hicho anahatarisha macho na vidole vya watoto wanaosimama kutazama. Kwa sababu hiyo, unapojaribu rimoti yoyote ngeni, chomoa kwanza nyaya za mota, jaribu sevo (vimota vidogo vya kuelekeza helikopta) peke yake, na watoto wakae mbali.

Mkitaka kununua, kutaneni na muuzaji ana kwa ana, mkiwa na helikopta na betri yenye chaji. Aiunganishe rimoti na risiva mbele yenu. Kwa FlySky, waya wa kuunganishia unachomekwa kwenye risiva, taa inapepesa haraka, kisha rimoti inawashwa huku kitufe cha BIND kimeshikiliwa. Ni jambo la dakika moja. Asiyetaka kulifanya mbele yako, usimlipe.

Kwa waliokwisha kutuma hela: pigeni simu mara moja huduma kwa wateja wa mtandao mliotumia, mkiwa na namba ya muamala. Ujumbe wake wa kitapeli utumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, pamoja na namba yake. Hifadhini mazungumzo yote na picha za tangazo kabla hajafuta akaunti, mkaripoti polisi. Utapeli wa mtandaoni unashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, msikubali kuambiwa ni suala la wateja na muuzaji tu. Aliyeletewa rimoti yenye nembo ya kughushi apeleke pia malalamiko Tume ya Ushindani. Wenye ushahidi tuwasiliane tufungue malalamiko kwa pamoja, kwa sababu tukilalamika mmojammoja jamaa huyo amekuwa akitupuuza.