Kabla hujalipia kiyoyozi, mwambie muuzaji akifungue

Msimu wa joto ukikaribia, lalamiko linalonifikia ni lile lile: kiyoyozi kinatiririsha maji ukutani, na fundi anasema kimezeeka, nunua kingine. Mara nyingi hakijazeeka. Kimeziba, kwa sababu aliyekiunda hakuwaza kwamba kuna siku mtu atataka kukisafisha.

Kwa hiyo sihangaiki na BTU, kile kipimo cha nguvu ya kupoza, wala nyota za kuonyesha kinavyookoa umeme. Hayo yameandikwa kwenye boksi, na chumba cha kulala cha kawaida kinatosheka na 9,000 hadi 12,000. Mimi nauliza jambo moja tu: kifaa cha ndani kinafunguka kiasi gani?

Hewa ikipita kwenye koili baridi, yaani mabomba yaliyojikunja yanayoipoza, huacha maji, nayo hudondokea kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Vumbi lililopenya filta likikutana na maji hayo linakuwa ute, na ute ndio unaoziba bomba. Nyuma ya koili kuna feni ndefu yenye umbo la pipa. Mulika tochi ya simu katikati ya vibao vya kuelekeza hewa. Ukiona mabawa yake yameota madoa meusi, hiyo ni kuvu, na ndiyo inayotoa ile harufu ya soksi mbichi unapowasha. Kuosha filta hakufiki huko. Kwenye viyoyozi vingi trei imeumbwa pamoja na mwili wa kifaa, feni haitoki mpaka koili ilegezwe, na fundi mwenye haraka hupuliza dawa kwa mbele tu, akachukua chake akaenda.

Chaguo langu la kwanza ni spliti (kifaa kimoja ndani, kingine nje) ya inveta, ile inayopunguza au kuongeza kasi badala ya kuwaka na kuzima, ambayo fremu na vibao vinatoka bila ugomvi. Hapa napendelea Daikin, wala sifichi. Kampuni hii ya Osaka ilianza 1924, na ndiyo iliyotangulia kuuza viyoyozi vya nyumbani vya gesi ya kupoza iitwayo R32, mwaka 2012. Lakini kilichonivuta ni paneli ya mbele: inachomoka nzima, unaiosha, unaikausha, unairudisha. Mitsubishi Electric inaifuata kwa karibu.

La pili ni spliti nyingine yoyote ya inveta, mradi muuzaji akubali kuifungua mbele yako. Akikujibu "hiyo kazi ya fundi," nenda duka la pili. La tatu ni cha dirishani: kina kelele na kinakula dirisha, ila unaweza kukitoa chote ukakisafishe. Cha magurudumu chenye bomba moja hutupa nje hewa ya chumbani, na hewa ya moto ikaingia kwenye nyufa kujaza nafasi, kiache. Na zile feni za maji zinazouzwa kwa jina la kiyoyozi si kiyoyozi. Penye unyevunyevu zinakuongezea jasho tu.

Halafu kuna hili la "gesi imeisha." Gesi haiishi kwa matumizi! Inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, ikipungua ina maana pamevuja. Anayekujazia kila mwaka bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi ile ile upya, na wewe unamshukuru. Duka nalo linakutangazia bei nzuri, kisha mabomba, vyuma vya kushikilia na ufungaji vinahesabiwa pembeni.

Ulicho nacho tayari, kiandae kabla joto halijapamba moto. Zima umeme kwenye swichi kuu. Osha filta, zianike kivulini. Kifaa cha nje kimwagie maji ya mpira taratibu. Pampu ya presha hupinda mapezi yake, vile vibati vyembamba vilivyopangana. Kisha mimina maji kidogo kidogo kwenye koili ya ndani, upande usio na nyaya, huku mtu mwingine akiangalia mwisho wa bomba huko nje. Yasipotoka, bomba limeziba au halina mteremko. Mwite fundi sasa, angali ana nafasi ya kupokea simu.